Karani wa Mapengo

Miaka sita nilinunua dagaa kwa kidole. Nikifika kwenye meza ya mtu pale soko la Kashaulili naonyesha fungu, naonyesha vidole viwili, natega kapu. Sikuwa bubu. Baba yangu alikuwa mchekeshaji, na katika mchezo wake mimi nilikuwa Karani asiyesema. Aliona nikisikika sokoni nabishania dagaa, mchezo umekwisha.

"Karani hasemi, Goreth," alikuwa ananikumbusha asubuhi kabla sijavuka kizingiti. "Ukisema mara moja tu, hawatacheka tena."

Jina lake Fabiani, ila Mpanda nzima ilimwita Mapengo kwa sababu ya meno mawili ya mbele ambayo hayakuwepo. Mchezo wake uliitwa Baraza. Alikaa kwenye kiti na koti kubwa la kaki, kengele mkononi, akafungua kikao, na kikao hakikufika kwenye ajenda hata siku moja. Alianza na treni kuchelewa. Kutoka kwenye treni aliingia kwa jogoo wa jirani yetu Mzee Didace aliyekuwa anawika saa nane mchana, kutoka kwa jogoo akaenda kwa padri, kwa padri akapita hadi kwa kiboko wa Katavi aliyekuja wilayani kulalamika kwamba watalii wanampiga picha akiwa hajaoga. Akirudi kwenye treni, treni imeshafika na imeshaondoka.

Mimi nilikaa kushoto kwake juu ya kigoda, kaunta buku magotini, naandika. Anasimama katikati ya maneno: "Karani, umeandika hilo?" Namtazama. Basi. Namtazama tu, na watu wanaanguka kwa kicheko.

"Mdomo wangu, jicho lako," aliniambia. Na kweli, nikituliza jicho kwenye kofia ya mtu, baba ataivaa hiyo kofia kwa maneno nusu saa. Nikilipeleka kwenye kapu la mama fulani, anahamia kwenye kapu. Alilifuata jicho langu kama ng'ombe anavyofuata chumvi. Mama alikufa mwezi niliomaliza darasa la saba, baba hakuwa na pa kuniacha, akanipa kalamu. Ndiyo nikakaa pale.

Baba alikufa mwezi wa tano mwaka tisini na saba, kwa homa, siku tatu tu. Siku ya mazishi nilimwangalia sana Masunga. Huyu ni Msukuma, mfugaji, rafiki wa baba, na Wasukuma na sisi Wafipa ni watani. Kwenye msiba mtani ana ruhusa zote. Atavaa nguo za marehemu, ataiga kikohozi chake, na atakayekasirika ndiye mwenye kosa. Masunga alikamata jembe la kuchimbia kaburi akakimbia nalo mpaka barabarani, tukasimama na jeneza juani. Alichokamata mtani hakinyang'anywi. Kinakombolewa, na anayetaja ukombozi ni yeye. Alitaka jogoo wa Mzee Didace. Ilibidi jogoo akamatwe, aletwe, akabidhiwe na kushangiliwa, ndipo baba akazikwa.

Arobaini ilipokaribia, baba mdogo Silvester alisema hatutafanyia uani kwetu Shanwe. Tutafanyia kwenye ukumbi nyuma ya soko, mji mzima umwagike. "Kaka yangu alichekesha. Watu waje wamlie kwa kucheka." Yeye na Rafaeli, mpiga gitaa wa baba, wangekaa jukwaani wakamzungumzia marehemu, na yeyote mwenye lake angesimama alitoe. Mwisho wazee wangemvika baba mdogo lile koti. Na Jumapili alfajiri lori lingetupeleka Sumbawanga, na kutoka huko mpaka mpakani, miezi mitano ya kucheza Baraza.

"Kiti, kengele, koti na Karani," aliwaambia wageni akihesabu kwa vidole. Mimi nilikuwa kidole cha nne.

Kulikuwa na kitu kimoja nilichokitaka. Mama Séverine, mtu wa Katumba, mwenye asili ya Burundi, alikuwa na cherehani mbili kwenye chumba kimoja Makanyagio. Miaka miwili nilikuwa najificha kwake mchana, nakaa nyuma ya pazia, na kwenye kelele ya cherehani naongea. Naongea mpaka koo linauma. Alinifundisha kukata, kulaza pindo, kuweka mfuko mahali pake bila kupinda. Msichana aliyeshona naye alikuwa anaolewa, na cherehani ya pili ilikuwa inabaki wazi Jumatatu ya baada ya arobaini.

"Jumatatu, mwana wanje," aliniambia. "Usipokaa wewe atakaa mwingine. Siwezi kuiacha inywe vumbi."

Nilimwambia baba mdogo. Alikuwa ananyoa ndevu kwenye kioo cha baba.

"Fundi cherehani nani anamjua?" alisema. "Karani anajulikana mpaka Inyonga."

"Baba mdogo, mimi nataka kushona."

"Na mimi nilitaka kuwa rubani. Goreth, sasa baba yako ni mimi. Tanga likishaanuliwa tutaongea."

Nilijua maana yake. Kabla tanga halijaanuliwa, mtoto habishani na ndugu wa marehemu. Likishaanuliwa, baba mdogo atakuwa amevaa koti.

*

Jumamosi saa tisa ukumbi ulijaa mpaka mlango ukafungwa kwa komeo. Waliobaki nje walipanda madirishani wakashika nondo, na hewa yote iliyotufikia ilipita kwanza kwenye vichwa vyao. Bati lilikuwa linalia kwa jua. Jukwaani kulikuwa na viti vitatu. Baba mdogo hiki, Rafaeli hiki na gitaa lake, na cha katikati kilikuwa kitupu, koti limening'inizwa kwenye mgongo wake. Mimi kigoda changu, kushoto, palepale.

"Wewe kaa kama kawaida," baba mdogo aliniambia sikioni. "Usiharibu."

Akageukia watu. "Rafaeli, marehemu ulimjua lini?"

"Nilimjua kabla hajawa na mapengo," Rafaeli alisema.

"Alikuwaje?"

"Alikuwa anang'ata."

Watu wakacheka. Baba mdogo akasubiri. "Hayo meno yalikwenda wapi?"

"Hilo sasa. Mimi aliniambia ni muwa. Padri alimwambia ni baiskeli. Mwenyekiti wa mtaa alimwambia kuna mtu wa Inyonga alikuwa na harusi, akamwazimisha, hajarudisha."

"Kwa hiyo Inyonga kuna mtu ana meno ya kaka yangu?"

"Na anatafunia nyama. Sisi huku tunalia."

Mama mmoja muuza nyanya alisimama, mtoto mgongoni. "Mimi alikuja kwenye meza yangu akaniuliza kama nyanya zangu zimechanjwa."

"Zilikuwa zimechanjwa?"

"Wapi! Akatoa kijiti akazichanja yeye, mojamoja, kila moja anaiambia pole. Siku ile kufika saa nne sina nyanya. Watu walikuwa wanagombania zilizochanjwa."

Kutoka kwenye nyanya wakaingia hospitali, kwa nesi ambaye baba alimwomba ampime homa na kivuli chake pia, maana kivuli ndicho kilichokuwa kinatetemeka. Kutoka kwa nesi wakafika kwa jogoo. Kila mtu alikuwa na jogoo wake. Mimi niliandika. Mkono ulikuwa umezoea, ulikwenda wenyewe. Jasho lilishuka mgongoni likafika kwenye mkanda wa sketi likakaa pale. Kwenye safu ya nne nilimwona Mama Séverine, futi yake ya kupimia shingoni, kama ametoka kazini anarudi kazini. Alinitazama mara moja. Nilitazama daftari.

Mambo yalikuwa yanaelekea mwisho. Wazee wawili wa ukoo walishasogea karibu na kiti, mmoja ameshagusa bega la koti. Ndipo mlango ukapigwa.

"Fungueni! Nimekuja kudai maiti yangu!"

Komeo likatolewa. Masunga akaingia analia kilio cha uongo, kirefu, viatu vya tairi miguuni, fimbo mkononi, na kiunoni kamba yake ya kufungia ndama. Watu walishaanza kucheka kabla hajafika katikati.

"Nyie Wafipa!" alisema. "Siku arobaini mnamzungumzia mtu mmoja? Kwetu saa hizi tungekuwa tumeshasahau hata rangi yake!"

"Kwenu mtu akifa mnauliza kwanza kama ng'ombe wamekunywa maji," Rafaeli alimjibu.

"Na wamekunywa?"

"Hatujui, sisi tuna msiba."

"Mngepanda ungo mkamfuata basi. Si ndio usafiri wenu?"

"Ungo umempeleka shemeji yako kliniki."

Akapanda jukwaani. Hakuomba. Akalivuta koti kutoka chini ya mkono wa yule mzee, akalivaa, akakaa kwenye kiti cha katikati. Halafu akakohoa. Alikohoa mara mbili, fupi, akaivuta kengele karibu kama anaogopa itaibiwa. Mgongo wangu ulinyooka wenyewe na kalamu ikashuka kwenye karatasi. Sikuwa nimeuambia.

Baba mdogo alicheka pia. Angefanya nini? Mtani ni mtani. "Mwenyekiti, karibu. Huko ulikokwenda kukoje?"

"Kuna msongamano," Masunga alisema kwa sauti ya baba, ile ya kupuliza kwenye pengo. "Wa Mpanda wote nimewakuta stesheni wanasubiri treni."

"Inakwenda wapi?"

"Hakuna anayejua. Ila imechelewa."

"Na jogoo wa Mzee Didace?"

"Yupo. Masunga alimla hapa, nimemkuta kule. Saa nane anawika." Akageuza kichwa taratibu, jinsi alivyokuwa anageuza baba. "Karani! Soma kumbukumbu za vikao vilivyopita."

Hilo halikuwepo kwenye mchezo. Baba hakuwahi kuniambia nisome. Aliniambia niandike tu, na sidhani kama alishafungua daftari akaona ninaandika nini.

"Mtani," baba mdogo alisema haraka, bado anatabasamu, "Karani hasemi."

"Hasemi mbele ya mtu mzima. Mimi nimekufa."

Wakapiga makofi. Masunga akachukua kaunta buku magotini kwangu, akaligeuza juu chini, chini juu, akaligonga kama tikiti maji, akanirudishia. Hakusoma shule, kila mtu alijua. "Lina uzito," alisema. "Soma, mayu, soma mama."

Mama Séverine alikuwa ameshika futi yake kwa mikono miwili. Nilisimama. Goti la kulia lilikuwa limekufa ganzi nikayumba, wakacheka. Nikafungua popote.

"'Kikao cha stesheni,'" nilisoma. Sauti ilitoka nyembamba, ya mtoto, kama ilikuwa imebaki darasa la saba inanisubiri. "'Mwenyekiti ameongea juu ya kiboko. Watu wamecheka. Mguu wangu umekufa ganzi. Sijausogeza.'"

Walipasuka. Kuna mtu dirishani aliachia nondo akaanguka nje, tukasikia kishindo, wakacheka na hicho.

"'Kikao cha mnada. Kabula niliyekaa naye dawati moja amenisalimia kwa mikono. Nimemjibu kwa mikono. Amebeba mtoto. Sijui mtoto anaitwa nani.'"

Wakacheka. Baba mdogo alikuwa anapiga paja.

"'Kikao cha Jumapili. Ningekuwa nasema, ningesema nataka kushuka.'"

Yule mama wa nyanya alikaa chini akajifunika uso na kanga, mabega yanatikisika. Nikafunga daftari. Niliyasema yaliyobaki bila kusoma, nikiwatazama.

"Kesho sitaki kwenda Sumbawanga. Jumatatu nataka kukaa kwenye cherehani ya Mama Séverine. Nimeshajua kushona suruali."

Ukumbi ulianguka. Sijawahi kusikia kicheko kile hata siku baba akiwa mzima na mwenye nguvu zake. Walipiga sakafu kwa miguu, vumbi likapanda. "Suruali!" mtu alipiga kelele. "Karani anashona suruali!"

"Ni kweli," nilisema. "Sichezi."

Hilo ndilo liliwamaliza.

Baba alikosea. Aliniambia nikisema mara moja hawatacheka tena. Kumbe ningesema naumwa, wangecheka. Ningesema nyumba inaungua, wangecheka huku wanaungua. Baba mdogo alisimama anajifuta machozi na leso, akanishika bega, akawaambia watu, "Mnaona? Kumbe kaka ameniachia hazina na mimi sikujua! Sumbawanga wataomba poo!" Mkono wake ulikuwa mzito na wa furaha kabisa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona kitu kizuri na kitu hicho kilikuwa chake.

Niliangalia ukumbini nikatafuta wasiocheka. Mama Séverine alikuwa hacheki. Na kwenye kiti cha katikati, ndani ya koti la baba, Masunga alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa ananitazama vile mfugaji anavyomtazama mnyama anayechechemea, kutafuta mwiba uko mguu gani.

"Haya mtani," baba mdogo alisema, "kazi yako umeifanya, Mungu akubariki. Vua koti, wazee wamalize."

"Mtani havui bure."

"Taja."

"Mwenyewe utoe neno."

Na baba mdogo, na kicheko kile bado kiko mwilini mwake kama pombe, akafungua mikono. "Chukua chochote hapa jukwaani."

"Chochote?"

"Chochote! Watu wote hawa mashahidi!"

Rafaeli akaficha gitaa nyuma ya mgongo, watu wakacheka. Masunga akainuka. Akabonyeza kiti kama anapima nyama. Akaitikisa kengele sikioni. Akazunguka, anapoteza muda, watu wanampigia kelele: "Gitaa! Gitaa! Chukua kengele!" Ndipo jicho lake likarudi kwangu, na mimi nikafanya kile nilichojua kukifanya kuliko mtu yeyote wilaya ya Mpanda. Nilimtazama. Halafu taratibu nikalipeleka jicho kwenye kamba iliyokuwa kiunoni kwake, nikalituliza pale. Nikalileta kwenye kifundo cha mkono wangu, nikalituliza hapo.

Alilifuata.

Akafungua kamba. Akanifunga mkononi, fundo la ndama, lisilobana. "Nimepata," alisema. "Ndama jike wa Kifipa. Anaongea, lakini nitamzoea."

Kicheko kikapanda tena, na baba mdogo akacheka nacho mpaka katikati, akasimama palepale katikati, mdomo wazi.

"Mtani, hapana, huyo... Haya, haya, tunamkomboa. Sema. Mbuzi?"

"Mbuzi ninao."

"Jogoo wawili na shuka jipya. Sema unachotaka."

Masunga akavua koti, akamwekea baba mdogo mabegani yeye mwenyewe, vizuri, akamfunga kifungo cha juu. "Huyu karani alikuwa wa Fabiani," alisema, sasa kwa sauti yake. "Aje Fabiani mwenyewe kumkomboa. Kwa mwingine simtoi."

Wazee wa ukoo walitazamana. Mmoja akatikisa kichwa, sikujua kwa kukubali au kwa kucheka. Baba mdogo alisimama ndani ya koti, mikono imefunikwa na mikono ya koti mpaka kwenye kucha. Kukasirika hakuruhusiwi. Aliangalia watu, watu wakamwangalia wakingoja aseme la kuchekesha, na yeye hakuwa nalo.

Tulishuka. Masunga mbele, mimi nyuma kwenye kamba, kaunta buku kwapani. Watu walitufungulia njia wakinipigapiga mgongoni, wakilia ng'ombe, mooo, watoto madirishani wakilia mooo. Niliangalia kisigino cha viatu vya tairi mpaka mlangoni. Nilitoka kwenye ukumbi ule nimefungwa, na mji mzima ukaona.

Nje, nyuma ya vibanda vya wauza chumvi, alifungua fundo.

"Nenda, ng'wana wane. Nimekufukuza kazi."

Nilitaka kusema asante. Niliitikia kwa kichwa tu, kama Karani.

*

Jumatatu nilikaa kwenye cherehani ya pili. Pazia halikuwepo tena. Wiki ile Mama Séverine alipata wateja kuliko mwaka mzima, ila wengi hawakuleta kitambaa. Walikuja kunisikiliza. Nikimwambia mtu "simama wima nikupime," anacheka mpaka futi inateleza. Nikimwambia "suruali itakuwa tayari Ijumaa," anakwenda kuwahadithia wenzake. Nasubiri wamalize, halafu napima. Sokoni bado kuna wanaonijibu kwa vidole. Masunga akipita na ng'ombe wake huuliza kutoka barabarani, "Ndama wangu anakula?" nami namjibu, "Anakula."

Baba mdogo alirudi baada ya miezi miwili, siyo mitano. Aliingia mchana, akasubiri Mama Séverine atoke kwenda kununua uzi. Alikuwa na koti mkononi, limekunjwa.

"Ni kubwa," alisema. "Nikinyanyua kengele, mkono unapotea. Watu wanacheka mkono."

"Si wanacheka?"

"Wanacheka mkono, Goreth. Mimi hawanicheki." Alitazama kaunta buku lililokuwa mezani, ukurasa umefunguka kwenye vipimo vya watu, viuno na mabega. "Hivi Masunga, ukimwomba wewe mwenyewe akuachie..."

Lile koti lilikuwa bado na harufu ya tumbaku ya baba kwenye kwapa. Nililigeuza nje ndani nikatafuta mshono wa pembeni. Kitambaa kilikuwa kizima. Nikachukua futi.

"Nyoosha mkono, baba mdogo," nilisema.

Hakucheka. Akanyoosha.